Kufufua Korg Polysix Mbeya: shajara ya kazi, Machi hadi Juni

Machi: kabla ya kuchomeka

Kilichopo mezani ni Korg Polysix, kinanda cha analogi chenye sauti sita (kinapiga noti sita kwa pamoja) kilichoanza kuuzwa mwaka 1981. Hiki ni toleo la Japani, lebo ya nyuma inasema volti 100. Kimepanda kwa basi kutoka Dar es Salaam na kupita mlima wa Kitonga, kwa hiyo kila plagi ya ndani ihesabiwe kuwa imelegea mpaka ithibitike vingine.

Dalili zilizoandikwa kwenye karatasi iliyokuja nacho: taa za programu zinabadilika zenyewe, noti moja hailali hata ukiacha kitufe, na vitufe kadhaa havisikiki kabisa. Dalili hizo tatu zikikutana kwenye Polysix, usianze kuwaza filta (kichuja sauti) wala oskileta (kinachozalisha wimbi la sauti). Mshukiwa wa kwanza ni betri. Korg waliweka betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6 kwenye bodi ya KLM-367, ili kumbukumbu ya programu 32 (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) isipotee umeme ukikatwa. Betri hiyo ikizeeka huvuja. Kinachovuja si tindikali ya betri ya gari bali kinyume chake, alkali kali ya potasiamu haidroksaidi, nayo hutembea juu ya bodi, huingia chini ya rangi ya kijani na kula njia za shaba. KLM-367 ndiyo bodi inayosoma vitufe, inayotunza programu na inayogawa noti kwa zile sauti sita. Ikiumwa yenyewe, bodi nzima za jirani huonekana zinaumwa.

Mpangilio wa kazi umewekwa hivi na hautabadilishwa: umeme, bodi ya betri, vitufe, sauti moja moja, kutuni, programu. Hakuna chipu itakayong'olewa kwa hisia. Filta za Polysix ni SSM2044, chipu iliyobuniwa na Dave Rossum na ambayo haitengenezwi tena siku nyingi. Huwezi kuipata Mwanjelwa, na hata Kariakoo ukiuziwa, uwezekano mkubwa umeuziwa jina lililochapwa juu ya plastiki. Ikiharibika kweli, njia ya leo ni SSI2144 ya Sound Semiconductor iliyotoka mwaka 2017, lakini ile ni ndogo, ya kulehemiwa juu ya bodi, na inahitaji bodi ndogo ya kugeuzia ili ikae kwenye pini 16 za zamani. Hayo ni mambo ya mwisho kabisa.

Machi: umeme

Umeme wa ukutani ni volti 230. Transfoma za kushusha zinazouzwa madukani Kabwe na Mwanjelwa nyingi zimeandikwa 110, na wengi huona kumi ya juu si kitu. Piga hesabu: transfoma ya 230 kwa 110, ikipewa volti 245 usiku mtaa ukiwa umelala, inatoa 117. Kifaa cha volti 100 kimezidishiwa asilimia 17. Ziada hiyo yote inageuka joto kwenye regyuleta (kidhibiti cha volti) ndani ya kinanda, na kapasita kubwa za kuchuja zenye umri wa miaka zaidi ya 40 zinasukumwa karibu na kikomo chake.

Transfoma imesukwa upya kwa fundi wa kusuka mota pale Sido, eneo la viwanda vidogo. Maelekezo aliyopewa, kwa yeyote atakayehitaji: 230 kwa 100, uwezo wa VA 100, koili mbili zilizotenganishwa (si koili moja yenye tawi), na volti 100 ipatikane ikiwa na mzigo. Usiposema hilo la mzigo, fundi atakupa 100 tupu ambayo inashuka ukishachomeka. Fyuzi ya ampea 1 ya aina ya kuchelewa imewekwa upande wa 230. Fyuzi ya haraka itakatika kila unapowasha, kwa sababu transfoma hunywa mkondo mkubwa kwa sekunde ile ya kwanza.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: glopu ya nyuzi ya wati 60 imefungwa mfululizo na waya wa moto upande wa 230. Ikimweka kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Taa ya LED haifanyi kazi hii hata kidogo, lazima glopu ya zamani yenye waya unaong'aa. Zimeadimika, lakini maduka ya vifaa vya kufugia vifaranga bado wanazo.

Volti za ndani zilipimwa kwanza bodi nyingine zikiwa zimechomolewa: +15.02, −14.96, +5.03. Nzuri. Lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kapasita za kuchuja, maana bila mzigo hata kapasita mfu huonekana mzima. Bodi zilipochomekwa (glopu bado ipo), mita ikawekwa kwenye AC na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikafungwa mfululizo na waya mwekundu wa mita, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu ukizipa DC kwenye mkao wa AC zinasoma uongo. Matokeo ya mawimbi yaliyobaki kwenye reli (njia za umeme wa ndani): reli ya +15 ina milivolti 4, ya −15 ina 6, ya +5 ina 38. Hiyo ya tatu haikubaliki. Kapasita yake ya kuchuja imebadilishwa: mikrofaradi zilezile zilizochapwa, volti ya juu hatua moja, daraja la joto nyuzi 105. Sasa ni milivolti 5.

Kapasita nyingine zote zimeachwa. Kuna mtindo wa kubadilisha kila kapasita ya elektroliti kifaa kikishafika mezani. Kwenye bodi za umri huu kila unapolehemu unahatarisha duara la shaba linaloshika mguu kunyanyuka, na duara lililonyanyuka ni kosa jipya ambalo halikuwepo asubuhi. Pima, kisha badilisha kilichofeli.

Aprili: KLM-367

Bodi imetolewa. Kila plagi ilipigwa picha na kuwekewa alama ya kalamu kabla ya kuchomolewa. Hali ya betri: ukungu mweupe kwenye ncha zote mbili, ute wa kijani-buluu umesambaa kiasi cha upana wa kiganja, miguu ya chipu za karibu imekuwa myeusi. Betri imekatwa kwa koleo, miguu yake imetolewa baadaye kwa chuma cha kulehemu. Vaa glavu na funika macho. Alkali ikiingia jichoni ni mbaya kuliko siki.

Namna ya kuosha:

Siki nyeupe ya dukani, ile isiyo na rangi, ipakwe kwa mswaki laini. Panapochemka povu ni kabonati, yaani alkali iliyokwisha kunywa hewa. Acha dakika tatu hadi tano, futa, rudia mpaka povu liishe. Ndimu haifai ingawa ni rahisi kuipata: inaacha sukari na nyuzi, na sukari ni mwaliko kwa mende.

Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari. Hapa msomaji awe makini dukani. Ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa tindikali ya kujazia betri mpya, na chupa zinafanana. Soma lebo, uliza mara mbili, na usinuse kwa kuinamia chupa.

Pima kama alkali imekwisha. Karatasi za litmasi hazipatikani kirahisi, ila vijiti vya kupimia mkojo vya duka la dawa vina kisanduku cha pH kinachosoma takriban 5 hadi 8.5. Tone la maji ya suuzo likisoma 7, umemaliza. Likisoma juu ya 8, rudi kwenye siki.

Mwisho alkoholi ya asilimia 99 kutoka kwa mafundi simu. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi mno, na nyingine ina mafuta. Kausha chini ya ile glopu ya wati 60, umbali wa sentimita 30, usiku kucha. Aprili bado ni mvua huku kwetu, bodi iliyoachwa mezani haikauki chini ya chipu hata baada ya siku mbili.

Kimiminika kimepanda chini ya chipu kwa kunyonywa, kwa hiyo zilizokuwa ndani ya eneo la ute zimetolewa. Zile za familia ya 4000 (chipu za kawaida za mantiki) ni za bei ndogo na zipo Kariakoo, hazistahili kuokolewa: kata miguu yote kwa koleo dogo, toa mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa chuma chenye joto la nyuzi 330 hadi 350. Ukipandisha hadi 400 ili uwahi, duara la shaba linabaki kwenye mguu. Kila chipu iliyotoka imewekewa soketi. Soketi za pini za mviringo ni bora, za bati bapa zinalegea.

Chipu za prosesa zenyewe zisichezewe. Zina programu ya Korg ndani, ukiziua hakuna duka.

Aprili: njia za shaba

Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Njia iliyoliwa haionekani imekatika. Rangi ya kijani juu yake iko nzima, ila imekolea na kuwa kama kahawia au nyeusi. Ukikwangua kwa wembe unakuta unga wa kijani mahali pa shaba. Nyingine bado zinapitisha umeme leo na zitakatika mwezi ujao.

Utaratibu: kwangua rangi kuanzia penye giza mpaka ufike shaba nyekundu safi pande zote mbili. Paka flaksi, pitisha lehemu nyembamba juu ya shaba yote iliyofunuliwa. Panapokataa kushika lehemu bado kuna kutu, rudi kwenye siki. Palipokatika, tandaza waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.1, ule mafundi simu wanaotumia kujampa njia. Ncha zake zikwanguliwe au zichomwe kwa tone la lehemu mpaka vanishi itoke, ndipo zilehemiwe. Kwa njia za umeme wa +5 na ardhi tumia waya mnene zaidi, wa milimita 0.3 hivi.

Baada ya hapo kila njia ndani ya eneo la ute imepimwa kutoka mguu wa chipu hadi mguu wa chipu, kwa kufuata mchoro wa huduma. Si kutoka duara hadi duara: mguu unaweza kuwa umelehemiwa vizuri kwa macho na bado haugusi. Mlio wa mita peke yake hautoshi, maana mita nyingi hulia hata kwenye omu 40. Soma namba. Njia nzima fupi inasoma chini ya omu 0.5 ukishatoa omu za nyaya za mita zenyewe. Mbili zililia vizuri huku zikisoma omu 11 na 19, zote zimewekewa waya.

Pima pia njia jirani kwa jirani kutafuta uvujaji. Mita kwenye mkao wa megaomu, bodi ikiwa kavu, chipu za soketi zikiwa nje. Palipokuwa na kilo-omu 200 pakaoshwa tena, pakawa hapasomi kitu. Uvujaji wa namna hii ndio uliokuwa ukibonyeza noti ambayo hakuna mtu aliyeibonyeza.

Aprili mwishoni: betri mpya

Uamuzi ni CR2032 ndani ya kishikio, ikiwa imefungwa mbali na bodi kwa nyaya mbili za sentimita 20 na gundi ya moto kwenye ukuta wa ndani wa kasha. Betri ya nikeli ya aina mpya ingefaa pia na haihitaji mabadiliko yoyote, ila nayo itavuja siku moja, na itavujia palepale.

CR2032 haichajiwi. Saketi ya Polysix ina njia ya kuchaji betri ya zamani kila kinanda kinapowashwa, na CR2032 ikichajiwa inavimba au kupasuka. Diodi moja inamaliza tatizo: anodi kwenye chanya ya betri, katodi (upande wenye mstari) kwenye bodi. Diodi ya Schottky kama BAT85 inapoteza volti chache kuliko 1N4148 ya kawaida, lakini kwa mkondo mdogo hivi hata 1N4148 haili nyingi. Kwetu imewekwa BAT85. Thibitisha kinanda kikiwa kimewashwa: volti kwenye betri isipande hata kidogo kupita ile iliyosomwa kikiwa kimezimwa. Ikipanda, diodi imegeuzwa au imekufa.

Kipimo cha kujua betri itaishi muda gani: kinanda kimezimwa, weka rezista ya kilo-omu 10 mfululizo na betri, pima volti juu ya rezista. Kila milivolti 10 ni mikroampea 1. Hapa imesomeka milivolti 48, yaani mikroampea 4.8. CR2032 ina takriban miliampea-saa 220, kwa hiyo kwa karatasi ni miaka mitano, na busara ni kuibadilisha kila baada ya mitatu. Ingesomeka milivolti mia kadhaa, ingekuwa dalili kwamba bodi bado inavuja mahali.

Mei: vitufe

KLM-367 imerudi ndani. Taa za programu zimetulia, noti ya kujipiga imekoma. Vitufe vingi vimeamka, si vyote.

Kabla ya kufungua kibodi, chora ramani. Vitufe havisomwi kimoja kimoja, vinasomwa kwa matriksi, mistari ya makundi ikikutana na mistari ya kusoma. Vikifa vinavyofuatana, tazama mstari wa kundi. Vikifa kwa kuruka nafasi zilezile, mstari wa kusoma umekatika au plagi yake haigusi. Kikifa kimoja peke yake, ni mguso wake au diodi yake. Kwenye ramani yetu kulikuwa na mfuatano wa kuruka kwa usawa kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na viwili visivyofuata mpangilio wowote.

Ule wa kuruka ulikuwa plagi ya nyaya bapa. Pini moja ilikuwa na lehemu iliyopasuka kwa duara kuzunguka mguu, ufa ambao huuoni bila lenzi. Mtikisiko wa barabara na uzito wa nyaya hufanya hivyo. Pini zote za plagi zote kwenye bodi tatu kubwa (KLM-366 ya sauti, KLM-367, na KLM-368 ya efekti) zimeongezewa flaksi na lehemu mpya. Ni kazi ya jioni moja na inaondoa nusu ya makosa yanayokuja na kupotea. Kama ungeruhusiwa kufanya jambo moja tu kwenye kinanda cha zamani baada ya kutoa betri, lingekuwa hili.

Viwili vilivyobaki: mpira wa mguso. Sehemu nyeusi yenye kaboni isuguliwe kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa alkoholi, mara moja au mbili tu, na dhahabu au kaboni ya upande wa bodi vivyo hivyo. Msasa marufuku, unatoa tabaka lote linalopitisha umeme. Bonyeza huku ukipima: mguso mzuri unasoma omu mia chache, mbaya unasoma kilo-omu kadhaa na unachezacheza. Vumbi la Septemba na Oktoba la nyanda za juu ni jembamba kuliko unga, linaingia hata kwenye kinanda kilichofunikwa kwa kitenge. Nailoni nzito juu ya kitenge ndiyo inayosaidia.

Potenshiomita za mbele zilinyunyiziwa dawa ya kusafishia migusano kupitia upenyo wa nyuma, kisha kila nobu ikazungushwa kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi. WD-40 isitumike. Inaleta nafuu ya wiki, halafu mafuta yake yanashika vumbi na mkwaruzo unarudi ukiwa mzito zaidi.

Mei: sauti ya nne

Sauti tano zinatoka. Kila noti ya sita ni kimya, na ni sauti ya nne kwa kufuata mzunguko.

Hapa ndipo vidole vinawasha kung'oa SSM2044. Badala yake imefuatwa ishara kwa oskiloskopu. DSO138, kile kijioskiloskopu cha kujiundia, kinatosha kwa kazi za sauti: upana wake ni kilohertz 200. Klipu ya ardhi kwenye chasi, programu rahisi: wimbi la msumeno, filta wazi kabisa, rezonansi sifuri, efekti zimezimwa. Linganisha sauti ya nne na ya tano nukta kwa nukta:

baada ya oskileta, msumeno upo, umbo sawa;
kwenye ingizo la filta, upo;
kwenye toleo la filta, upo, na ukizungusha nobu ya kukata masafa unalainika kama inavyopaswa;
baada ya VCA (kikuza sauti kinachodhibitiwa kwa volti), hakuna kitu.

Filta ni nzima. Volti ya udhibiti wa VCA ya sauti ya nne ilikuwa imelala sifuri hata kitufe kikibonyezwa, wakati ya tano inapanda na kushuka. Envelopu za Polysix (volti zinazopandisha na kushusha sauti ya noti) zinatoka kwenye chipu za SSM2056, nazo ni adimu vilevile, kwa hiyo hatua moja zaidi kabla ya kumshuku mtu: je, geti (ishara kwamba kitufe kimebonyezwa) inafika kwenye chipu? Haikufika. Njia yake ilikuwa imekatika kwenye pini ya plagi kati ya KLM-367 na KLM-366, upande wa waya wenyewe, ndani ya kibano, mahali ambapo lehemu mpya kwenye bodi haisaidii. Waya umebanwa upya. Sauti ya nne imeamka, na gharama yote ni kibano kimoja.

Angalau hapa chipu hufa kwa sababu inayotafutika. Wenye Roland Juno-106 ya mwaka 1984 wana kisa tofauti: chipu zake za 80017A, moja kwa kila sauti, zimefunikwa kwa utomvu mweusi ambao ukizeeka unaanza kupitisha umeme, sauti zinakufa au kukwaruza zenyewe. Kule watu hulowesha chipu ndani ya asetoni mpaka utomvu ulainike wautoe. Dawa hiyo haina kazi kwenye Polysix, usije ukailowesha SSM2044.

Juni: kutuni

Juni Mbeya asubuhi chumba kinaweza kuwa nyuzi 9 na mchana 20. Oskileta za analogi hufuata joto, hivyo kutuni saa moja asubuhi ni kujisumbua. Kinanda kiwashwe nusu saa kamili, kifuniko kikiwa kimefungwa kisha kifunguliwe kwa muda mfupi tu wa kugusa trima (skrubu ndogo za kurekebishia), maana hewa baridi ikipita juu ya bodi namba zinatembea mbele ya macho yako.

Fuata mpangilio wa mwongozo wa huduma bila kuruka, kwa sababu kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia: volti za reli, marejeo ya bodi ya KLM-367, oskileta, filta, mwisho VCA. Ukitengeneza filta kwanza kisha ukarudi kugusa marejeo, umetengeneza bure.

Oskileta: A ya hertz 440, programu ya kutunia ya simu inatosha, lakini sikio ni kali zaidi. Piga sauti mbili pamoja noti ileile. 440 na 441 zinapishana pigo moja kwa sekunde. Sogeza trima mpaka pigo lirefuke hadi sekunde tatu au nne, acha hapo. Kisha rudia oktavu mbili juu na mbili chini. Ikiwa katikati iko sawa na kingo zinakwenda kombo, si trima ya noti bali ya upana wa oktavu.

Filta: rezonansi mpaka mwisho, filta ya SSM2044 inaanza kuimba yenyewe kwa wimbi laini. Ufuataji wa kibodi ujazwe, zima oskileta, na sasa kila filta ni filimbi yenye noti yake. Zikiwa hazilingani, ukipiga noti sita pamoja, moja itasikika kama imefunikwa blanketi. Nne zilikuwa karibu, ya pili na ya sita zilihitaji trima.

Usizipige msasa sauti zote sita zifanane kabisa. Hii ni rai tu, wengine watabisha. Kwenye unisoni, pale kitufe kimoja kinapobeba sauti zote sita, tofauti ndogo ndiyo utamu wenyewe. Anayetaka usawa kamili aweke iPolysix ya Korg kwenye iPad, ipo tangu 2012, haina betri ya kuvuja wala haijui baridi ya Uyole.

Juni: programu 32

Kumbukumbu ilikuwa tupu, au tuseme imejaa takataka. Polysix inapokea programu kama sauti kupitia tundu la kaseti: benki nne, A hadi D, programu nane kila moja. Leo kaseti ni simu. Mambo yanayoharibu upakiaji:

Faili lazima liwe WAV. Likitumwa WhatsApp kama sauti linabanwa na data inakufa, litumwe kama nyaraka. Simu iwe kwenye hali ya ndege, maana mlio wa ujumbe katikati ya data ni kosa la papo hapo. Ikwalaiza na viongeza-sauti vyote vizimwe. Plagi ya stereo ikiingia tundu la mono, chaneli ya kulia hupigwa shoti na ardhi, hivyo kebo iunganishwe chaneli ya kushoto na ardhi pekee. Sauti ya simu ianzie robo tatu. Ikikataa shusha kwanza kabla ya kupandisha, kwani simu nyingi hupinda wimbi zikifika juu. Kumbuka swichi za nyuma za kaseti na za kuandika, zote mbili ziwe zimeruhusu, na zikishamaliza zirudishwe kwenye kufunga.

Imepokea. Kinanda kilizimwa, transfoma ikachomolewa ukutani usiku mzima, asubuhi programu zote zipo.

Juni: vilivyoachwa kwa sasa

MIDI. Polysix ni ya kabla ya MIDI, lugha ya vinanda kuwasiliana na vifaa vingine, ambayo ilikuja mwaka 1983. Bodi ya KiwiSix inachukua nafasi ya KLM-367 nzima na kuleta MIDI na kumbukumbu kubwa zaidi. Kwa kinanda ambacho KLM-367 yake imeliwa kupita kuokolewa, hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri. Kwa hiki, ambacho bodi imepona, inasubiri. Bendi itakayokitumia iko Iringa na inapiga kwa mikono.

Mlio mdogo wa upepo kwenye efekti ya ensembo (inayofanya sauti moja isikike kama nyingi) umeachwa. Ni tabia ya laini za ucheleweshaji za wakati ule, na umepimwa kuwa sawa programu zote.

Usafirishaji kwenda Iringa: nobu ziondolewe kwa mkono bila bisibisi, zifungwe kwenye mfuko wenye jina. Sponji ya unene wa sentimita 5 chini na pande zote, na juu ya vitufe ubao mwembamba usioegemea vitufe vyenyewe. Kinanda kilale bapa kwenye buti, kisisimamishwe kwa ncha. Transfoma iende kwenye boksi lake: ina kilo zaidi ya mbili, na ikiachwa huru ndani ya boksi la kinanda itafika Makambako ikiwa imevunja paneli ya mbele. Kondakta akisema kinapanda juu ya keria, subiri basi linalofuata.